Kipimo cha Mguu wa Mbuzi

Mnataka nieleze tena. Kwani hii mambo inaliwa? Nimeisema arusini, nimeisema matangani, na bado kila asubuhi nikiwasha jiko kuna mtu amekuja kunusa hadithi kabla maji hayajachemka. Anunue kikombe kimoja, apewe na kisa juu yake kama sukari. Haya. Mara hii nasema, na atakayeniuliza tena ataosha hivi vikombe vyote.

Benchi yangu iko Kiwanjani, hapa Isiolo, imeegemea ukuta wa duka la Khadar la simiti, kwenye kona lori za Merti zinapogeukia. Mimi nauza kahawa ya tangawizi, wanaume wanakaa, maneno yanatoka. Kubai tunamwita Kanuni, alifanya kazi ofisi ya serikali mpaka akastaafu, na hata akikohoa anataka kutaja sheria. Warfa ni dereva wa lori, jina lake Nusu Mzigo, kwa sababu lori lake halijai na ukweli wake pia haujai. Kirigia anashona viatu hapo mwisho wa benchi, anajiita Daktari wa Soli. Halafu Abdinajib, mnunuzi wa ngamia, ambaye sokoni wanamwita Vidole. Hapa kwetu bei ya ngamia haitajwi kwa mdomo. Mnunuzi na mwenye ngamia wanashikana mikono chini ya shali, wanaminyana vidole, kila kidole na hesabu yake, kimya, na walio kando hawajui kitu. Abdinajib ana vidole vya kubembeleza mpaka jiwe lishuke bei. Sasa alikuwa amevamiwa njia ya Merti, wakamwacha na soksi tu, akaomba kibali cha bastola. Akapewa. Akaenda dukani akachagua ile kubwa kuliko zote, kama mtu anayenunua sufuria ya arusi. Lakini kibali kina sharti: bastola isionekane na mtu. Ikionekana, kibali kinarudi kwa wenyewe na bastola inafuata nyuma. Kesho yake ilikuwa siku ya soko, na hakujua ataificha wapi. Ndiyo siri aliyokuja kuiweka kwenye benchi langu, mbele ya watu wanne na paka.

Abdinajib: Salaam aleikum. Hii neno isitoke hapa.

Warfa: Aleikum salaam. Ni ile bastola?

Abdinajib: Nani amekwambia?

Warfa: Buda, hata mbuzi wa Oldonyiro wanajua.

Abdinajib: Nimejaribu kiunoni. Nikikaa inanichoma tumbo, nikisimama inavuta suruali. Nataka ile ala ya kuvaa mabegani, bastola inalala kwapani.

Kubai: Hapo umefikiri. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake, silaha ikae ndani ya nguo.

Mimi: Wahenga walisema hivyo kuhusu adui, Kubai.

Kubai: Mama Saadia, hao wahenga walikuwa wengi.

Warfa: Sikiza dereva. Kwapani iko sawa, lakini ilale kama mtu amelala kitandani, mdomo ukiangalia nyuma. Ukiivuta inakuja moja kwa moja. Ile kubwa namna hiyo ukiining'iniza, utaivuta mpaka wezi wachoke kungoja.

Kubai: Kanuni hairuhusu. Ikiangalia nyuma, uko kwenye foleni ya benki, yule aliye nyuma yako amekosa nini? Amekuja kutoa pensheni yake, wewe umemwelekezea kwapa.

Kirigia: Kanuni ameongea. Iangalie chini. Ikikosea, ipige Isiolo yenyewe. Mchanga hauna kesi.

Abdinajib: Ikiangalia chini itafika kiunoni. Ni ndefu, wallahi.

Kirigia: Ndefu kama nini?

Abdinajib: Kama… kama mguu wa mbuzi.

Kirigia: Basi niletee mguu wa mbuzi. Mimi siwezi kushona hewa. Na bastola yenyewe usiilete hapa, isije ikaonekana.

Akaenda kwa mwenye bucha akarudi na mguu wa mbele, kwato na manyoya yote. Kirigia akatoa ngozi ya ngamia, ile ngumu ya shingo, akaikunja juu ya mguu, akaanza kupima kwa uzi. Paka wa Khadar akahamia chini ya benchi.

Kirigia: Sasa shida moja. Upande mmoja una bastola, upande mwingine hauna kitu. Utatembea umelala upande kama lori la Warfa.

Warfa: Lori langu halilali. Barabara ndiyo imelala.

Kirigia: Kwapa la kulia linataka uzito wa kusawazisha.

Warfa: Weka chupa ya maziwa ya ngamia. Unatembea, inatikisika, mpaka ufike Merti imeganda. Bastola huku, chakula huku.

Kubai: Haba na haba hujaza kibaba.

Abdinajib: Hiyo inaingilia wapi?

Kubai: Kwenye chupa.

Mimi: Na jasho je? Hili jua la hapa, kwapa la mwanamume si kabati. Chuma kitaota kutu kabla ya Ijumaa.

Warfa: Apake poda ya watoto.

Mimi: Mwizi atakuja amsikie ananukia kama mtoto amemaliza kuoga, ambebe.

Wakacheka. Abdinajib peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia ule mguu unavyoingia na kutoka kwenye ngozi kama mtu anaangalia daktari akishona mtoto wake.

Abdinajib: Sawa, jasho nimekubali. Lakini juu yake nivae nini? Shati inaonyesha kamba.

Kubai: Koti. Watu wenye kibali huvaa koti. Nimewaona.

Mimi: Umewaona wapi? Meru kwenu, penye baridi. Hapa mtu akivaa koti saa sita mchana, tunajua ana malaria ama ana bastola.

Nilidhani nimeyamaliza. Sikuwa namjua Kubai.

Kubai: Dawa iko. Tuvae wote.

Warfa: Tuvae nini?

Kubai: Makoti. Benchi yote. Jirani wote. Kiwanjani yote ikivaa koti, nani atajua koti lenye bastola ni lipi? Mficha uchi hazai.

Kirigia: Hiyo methali ni ya kinyume, mzee.

Kubai: Wewe shona.

Na mnajua alienda nyumbani kweli. Akarudi na koti lake la ofisi, lile jeusi la kuagwa nalo kazini, na moja la kijivu juu ya mkono la kumwazima Abdinajib. Akakaa kwenye jua langu amefunga vifungo vyote. Warfa akavaa jaketi la mvua, katika mji ambao haujaona mvua. Kirigia akasema yeye ni fundi, fundi havai koti kazini, akafunga gunia mabegani. Mimi nikawamiminia kahawa ya moto kwa makusudi.

Kirigia akamaliza. Akamvalisha Abdinajib kamba mabegani zikapishana mgongoni, akatia mguu wa mbuzi kwapani, koti la kijivu likashuka juu yake.

Kirigia: Tembea.

Akatembea mpaka kwa kinyozi, akarudi. Paka wa Khadar alimfuata kwenda, akamfuata kurudi.

Warfa: Noma. Hakuna kitu inaonekana.

Mimi: Isipokuwa kwato.

Kirigia akaisukuma kwato juu, akasema hiyo imeteleza kwa sababu ya manyoya, bastola haina manyoya.

Hapo ndipo alipokuja Nkirote, binti wa miraa. Alikuwa mgeni kwenye kona yetu, wiki yake ya kwanza, ameshuka na magunia yake kutoka juu Meru. Akasimama akawaangalia wanaume watatu na gunia moja wanavyotoa jasho.

Nkirote: Muga. Habari zenu. Hapa kuna homa?

Mimi: Kuna wazimu. Kaa, unywe kahawa.

Wakamweleza yote. Siri ilikuwa imeshachoka kuwa siri. Akasikiza, akanywa, akamtazama Abdinajib juu mpaka chini.

Nkirote: Baba, nimepita soko lenu la ngamia nikaona watu wameshikana mikono chini ya shali. Ni wewe hufanya hivyo?

Abdinajib: Mimi ndiye mwenyewe. Uliza mtu yeyote.

Nkirote: Na kesho mabegani huna shali, una koti. Sasa mikono mtashikania wapi?

Nawaambia hata paka aliacha kunusa. Kubai akafungua kifungo kimoja. Warfa akatazama lori lake. Watu wamezaliwa kwenye hiyo shali, wameoa kwa hiyo shali, na hakuna aliyeikumbuka. Nikainua birika nimwongezee kila mmoja awe na la kufanya na mdomo wake. Ilikuwa tupu.

Abdinajib: Mkono ni mkono. Utashikwa popote.

Akaondoka na mguu wake wa mbuzi.

Kesho yake aliamka akavaa ala na bastola yenyewe, koti juu. Baadaye Kirigia alikuja kuapa kwamba yeye alishona sawasawa na kipimo, ila kipimo kilikuwa cha mbuzi na bastola ikatokea kuwa ya ngamia. Mdomo ulichungulia chini ya ngozi kiasi cha kidole kimoja. Abdinajib aliona, akajiambia koti litafunika.

Adhuhuri akaja benchini amemeremeta, jasho mpaka viatuni.

Abdinajib: Leo vidole vyangu vina baraka. Mzee Dabaso wa Merti, yule asiyeshuka hata kwa dua. Ngamia watatu. Niliingiza mkono wake ndani ya koti, sijaminya hata mara mbili, akashuka. Akashuka tena. Nikamwonea huruma nikasimama.

Kubai: Ni koti. Koti lina heshima.

Warfa: Na haikuonekana?

Abdinajib: Na nani? Macho ya mzee yule yameisha zamani.

Nikamwambia, waryaa, wewe, mzee Dabaso hajawahi kumshukia hata baba yake mzazi. Akasema mimi ni wivu.

Asubuhi iliyofuata wazee wa soko walikuja na mzee Dabaso katikati, wakakaa kwenye benchi langu lote, wale wangu wakasimama. Mzee alishika kikombe kwa mikono miwili akaongea polepole, haelekei kwa mtu.

Dabaso: Nagaa, amani kwenu. Mimi siwezi kuona, lakini mkono wangu unaona. Aliniingiza mkono ndani ya koti. Nikapata vidole vyake, vya joto, nikavihesabu. Nikatafuta kingine nijue bei inaishia wapi. Nikapata kimoja kinene, baridi, hakina kucha. Nikakiminya, hakikunijibu. Nikagusa ncha yake, nikapata tundu. Kidole changu kikaingia mpaka kwenye kiungo. Nimenunua na kuuza tangu ujana, sijawahi kushika mtu mwenye kidole chenye tundu. Nikajua hii bei imeshapangwa.

Mzee wa soko: Kwa nini hukupiga kelele?

Dabaso: Chini ya shali hatuongei. Wewe si unajua.

Abdinajib alikuwa ameshika ukuta wa Khadar.

Abdinajib: Wallahi sikujua. Nilidhani ni mimi.

Kubai: Wazee, niseme la sheria. Sharti linasema bastola isionekane. Halikusema isiguswe.

Dabaso: Nami sijasema niliiona. Kibali chake akae nacho. Ninasema ngamia wangu walinunuliwa na chuma.

Warfa alikumbuka ana mzigo wa Merti, akaondoka na lori tupu. Kirigia akaanza kueleza habari ya mbuzi, mzee mmoja akamwangalia, akarudi kwenye kiatu.

Wazee hawakukawia, kahawa ilikuwa bado moto. Ngamia watatu warudi kwa mzee Dabaso. Juu yao Abdinajib aongeze mtamba mmoja wa kwake, wa kumtoa mzee baridi kidoleni. Hilo alilipa siku hiyohiyo. La pili ndilo linalomla mpaka leo: mpaka mvua ndefu zije na zipite, haingii chini ya shali ya mtu. Ananunua kwa mdomo. Nendeni sokoni mkamwone. Anasimama mikono nje kama mtu anatawadha, anataja bei yake kwa sauti mbele ya watu wote, na dalali aliye karibu anaongeza kidogo tu juu yake na kuondoka na ngamia. Bastola nayo iko kwapani, ameificha vizuri siku hizi, hakuna anayeiona. Kinachoonekana ni bei yake.