Mulango Yangu Ilikuwa Inafunguka Nusu

Bandugu na badada ya kikundi yetu ya kanisa, muniache nisimame hapa karibu na mulango, nisipande kule mbele. Mulango njo kesi yangu. Nikimaliza mutajua sababu.

Bengi munanijua. Mwenye hapana nijua, ajue leo: mi ni mutu mwenye alijijenga na mikono yake. Masomo yangu iliishia mwaka ya tatu ya primaire. Nilianzaka na kitunga ya samaki ya Kyavinyonge, nauzisha mugini moja kisha ingine, mpaka nikafika Butembo. Leo niko na duka ya misumari na manjanja, yale mabati ya paa, mu Kimemi, na nyumba ya matofali ya kuchoma, chumba ine, madirisha ya byuma. Hakuna mutu mwenye atasema nilimuomba hata chumvi. Ni ukweli tu, hapana majivuno. Bon, majivuno kidogo.

Kwetu tulikuwaka batoto saba na sahani mbili. Wa kwanza nilikuwa mi, na wa kwanza anakula wa mwisho. Nikajiapisha: siku moja nitakuwa na sahani mpaka nikose batu ya kuzilia. Kuna mwenye alinisikia. Kama ni Mungu ao ni mwengine, mpaka leo sijue.

Wakati vita ya upande ya Beni ilizidi, batu bakakimbilia huku na bitu byao. Mutu anakimbia na fotei, ile kiti yake kubwa ya salon, juu ya camion, kisha anaona kama fotei hapana kuliwa. Donc anaiuzisha pembeni ya njia. Fotei, kabati, saa za ku ukuta, sufuria za ndoa. Mi nilikuwa napita pale kila juma. Mu roho nilikuwa najiambia: ninabasaidia. Ndugu zangu, nawaambia mbele ya Mungu, ile haikukuwa kusaidia. Mutu mwenye njaa hapana bishana bei, na mi nilijua. Bao banakimbia, mi nanunua.

Nyumba ikajaa. Fotei za salon tatu mu salon moja, zimepandana mpaka karibu na plafon. Frigo mbili, hata moja haigandishe maji. Saa za ku ukuta sita, kila moja na saa yake. Nyuma ya mulango niliweka kabati munene ya bioo, yenye ilijaa sahani, na kwa hiyo mulango ikawa inafunguka nusu. Tulikuwa tunaingia na ubavu. Batoto yangu bane balikuwa banalala ku kitanda moja.

Bibi yangu, mama ya batoto, akasema, "Papa, hapa hapana nyumba tena. Tuko tunaishi mu depo."

Nikamujibu, "Depo ya tajiri."

Wageni bakikuja, nilikuwa nabaacha pa mulango bachungulie tu. Bakisema "Eee, Patron!", mi nashiba siku nzima.

Mama yangu yeye alikuwa ku Beni, mu Bungulu. Majirani bakahama moja moja, yeye akabaki na kuku zake. Siku moja risasi zikalia karibu sana, akapanda pikipiki na furushi moja na chungu, akakuja kwangu, mutoto wake wa kwanza. Akaingia na ubavu. Furushi ikakwama ku mulango, akaivuta. Akatafuta fasi ya kukaa, akakosa. Mu nyumba yenye fotei kumi na mbili, mama akakosa fasi ya kukaa, kwa sababu zote zilikuwa zimepandana.

Akaangalia moja yenye ilikuwa chini kabisa. Akagusa mukono yake, pale penye moto ilichoma alama.

"Hii kiti ni ya mama wa pembeni yangu kule Bungulu," akasema. "Hii alama ni pasi ya binti yake. Niliikalia ku kilio ya bwana yake."

Mi nikacheka. "Ni kiti nzuri, hein Mama?"

Akanigeukia. "Kiti yake imepata fasi kwako. Mi, utaniweka wapi?"

"Mama, unipe wiki moja. Nitapanga."

Akaenda kwa dada yangu mudogo, chumba moja ya miti na udongo, kule juu ku mulima. Baridi yetu ya Butembo munaijua. Kila siku ya Mungu tukitoka mu kanisa, anauliza, "Umepanga?" Mi najibu, "Kesho, Mama." Wiki ikapita, mwezi ikapita, ingine tena. Siku moja nilianza kweli. Nikatosha saa moja ku ukuta, nikaipanguza mavumbi, nikaona inangaa, nikairudisha. Mwezi ule ule nikanunua kitanda, eti ya Mama. Hapana fasi ya kuitandika. Nikaiegemeza mu koridor. Sasa hata ku choo tukawa tunaenda na ubavu.

Mama akaanza kukohoa. Tukamupeleka ku hopitali, bakasema ni kifua, imekawia, tumurudishe nyumba. Alikufa siku ya ine, kwa dada yangu, chini ku mukeka.

Munajua desturi: maiti ya muzazi inapumuzika kwanza kwa mutoto wake mukubwa. Donc sanduku ikaletwa kwangu. Parsele, kile kiwanja ya nyumba, ikajaa batu. Babeba-sanduku bakafika pa mulango, mulango ikafunguka nusu.

Bakajaribu kupitisha sanduku na ubavu. Seremala mwenye aliitengeneza, muzee moja wa kanisa yetu, akapiga kelele: "Muache! Mama hapana mbao, hamutamusimamisha na ubavu!" Bakazunguka ku dirisha. Byuma. Byuma byangu byenye nilikuwa nasifu. Bakarudi, bakangoa mulango yenyewe, bakakuta kabati. Bakasukuma kabati, ikaanguka, ikaziba njia. Sahani, bandugu yangu. Nilisikia zinavunjika, zinavunjika, sawa hazina mwisho, na sanduku ya mama iko ku mabega ya batu.

Kisha mvua ikaanza. Bakaweka Mama inje, ku benchi mbili chini ya manjanja, na maji inarukia mbao. Bamama bakavua bitenge byao, bakamufunika.

Dada yangu akakuja pembeni yangu. Hakukuwa analia. Akasema pole pole, lakini bote balisikia:

"Yaya, kaka yangu, inama umuambie Mama. Muambie: kesho."

Hapana mutu alicheka. Hapana mutu alimukemea.

Baada ya maziko, bibi yangu akafunga nguo za batoto. "Tunaenda kwa dada yako. Kule ni chumba moja, lakini mutu anaweza kulala." Nikabaki siku ine peke yangu. Sikufungua duka. Tajiri ya mafotei, nilikuwa nakalia bidon ya maji.

Siku ya tano dada yangu akafika na bamama ya kikundi hiki, na yule muzee seremala. Mi nikasimama pa mulango, nikasema hapana mutu ataingia. Seremala akasema, "Papa, mulango uko nayo? Si iko chini." Ni kweli, ilikuwa ingali chini mu matope. Bakaingia.

Dada yangu alikuwa na ulizo moja tu. Anabeba kitu, ananionyesha: "Ya kulalia, ya kulia, ao ya sifa?" Ya sifa inatoka inje, inaenda kwa benye kukimbia vita. Mi nikajaribu kumudanganya. Juu ya saa moja ya ku ukuta nikasema, "Ya kulia." Akaniuliza, "Unakula saa?" Bamama bakacheka mpaka bakakaa chini. Kwa mara ya kwanza kulikuwa fasi ya kukaa chini.

Musifikiri nilipona siku ile. Nilirudisha saa mbili za ku ukuta, nazificha mu koti. Dada yangu akazikuta chini ya matela, ile godoro yangu. "Yaya, zimeanza kuzaa?"

Ile kiti yenye alama ya pasi, niliipeleka mi mwenyewe na tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo. Nikauliza uliza mpaka nikapata yule mama mwenye kiti, hapa hapa Kimemi, amehifadhiwa kwa batu. Nikamuambia, "Mama, kiti yako." Akaishika, akapitisha kidole mu ile alama. Kisha akacheka vibaya. "Papa, tuko batu sita ku matela moja. Nitaiweka wapi?"

Ulizo ile ile. Mutu wa pili.

Nikairudisha. Njo fotei moja tu iko mu salon yangu leo, na hapana mutu ya kwangu mwenye anaikalia. Yule mama mwenyewe anakuja siku ya Mungu tukitoka mu kanisa, anakaa, anakunywa chai, anatuelezea habari ya Mama yangu. Bibi na batoto yangu balirudia. Ile kitanda ya koridor imetandikwa.

Bamama ya kikundi, muzee seremala, bibi yangu, wasingya, aksanti sana. Dada yangu, kwako sina neno, unajua. Somo yangu ni fupi, masomo yangu pia ni fupi: mwenye anakuuliza fasi leo, usimujibu kesho.

Na mutaniacha nijisifu mara moja, njo ugonjwa yangu. Mu Kimemi yote hapana mulango inafunguka sawa ya kwangu. Inafunguka yote, mpaka inagonga ukuta. Sanduku ya Mama ingepita, na batu bane kila upande. Nilipima.