Uzi wa Kwikwi

Fundi cherehani hakukusudia kusikiliza, ila kiti chake basini kilikuwa nyuma ya kijana aliyempakata mwanawe mchanga mwenye kwikwi.

"Mbandike kipande cha uzi kwenye paji la uso, baba, itakata," alisema bibi aliyeketi kando ya kijana.

"Nesi kasema huisha yenyewe, bibi. Kanyonya kwa pupa tu."

"Huyo nesi kalea wangapi?"

Fundi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akachomoa uzi mkobani akaupitisha mbele. Bibi akataka kuulowesha kwa mate. Kijana akamwahi na chupa ya maji. Uzi ukanata pajini. Punde kwikwi ikakoma.

"Umeona?"

"Si nilisema huisha yenyewe?"

Basi likasimama. Kijana akashuka huku bado anabisha, kiganja amemkingia mtoto usoni, upepo usije ukaupeperusha ule uzi.