Butura ya Likizo: Risala ya Watumishi wa Kituo cha Migomba Kyarubare

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa Utumishi kutoka makao makuu, Mkuu wa Kituo chetu, Bwana Mwesiga, viongozi wa dini, wageni waalikwa, nanyi watumishi wenzetu ambao leo mmewahi kazini kwa sababu tunazozijua:

KARIBU MULEBA

Sisi watumishi wa Kituo cha Migomba Kyarubare tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tungependa uamini kwamba njia uliyopita hufyekwa kila wiki, na kwamba mawe ya pembeni yamekuwa meupe tangu yaumbwe. Baadaye utakabidhiwa mkungu wa ndizi. Tumeununua sokoni Kemondo, kwa kuwa migomba ya kituo ni ya utafiti na utafiti wenyewe haujazaa. Ni mkungu mzuri, usione vibaya.

Kama ilivyo desturi, risala hii ilipelekwa kwanza kwa Mkuu wa Kituo. Ukurasa huu aliupitisha bila shida. Unaofuata anausikia leo pamoja na wewe.

TULIKOTOKA

Kituo hiki kiliundwa kuwafundisha wakulima wa Muleba na Bukoba kupambana na mnyauko wa migomba. Tunawafundisha kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa panga linalosambaza ugonjwa, na kung'oa shina linalougua kabla halijaambukiza jirani. Kazi hiyo tunaiweza, na wakulima ni mashahidi.

Zamani likizo ilikuwa likizo. Mtumishi aliomba, akajibiwa kwamba mahitaji ya kazi hayaruhusu, akanuna, akaomba tena, na mwishowe akaenda kwao kupalilia kibanja, shamba la migomba la ukoo, na kula senene. Mjini Bukoba yupo Bwana Lalit anayetuuzia bati na misumari. Yeye na mkewe Hemlata hufunga duka kila mwaka, hutundika kibao kwamba wamesafiri, na hatujasikia kwamba mji umeanguka. Sisi tulimwona anaringa.

Ndipo ukaja waraka. Siku za likizo ambazo mtumishi hatazitumia, ulisema, zitanunuliwa kwa fedha taslimu.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, waraka ule uliponya watu. Mhasibu wetu Gozbert, ambaye kila msimu wa senene alikuwa akishikwa na homa isiyo na jina, amepona kabisa na dalili hazijarudi. Mwenzetu mwingine alipofiwa na shemeji yake aliuliza kwanza kama siku za msiba zitakatwa kwenye zile za kuuza. Tulikaa kikao, tukaazimia kwa kauli moja kwamba hakuna kwenda likizo.

Hatusemi kwamba kazi iliongezeka. Kukaa ndiko kulikoongezeka, na sukari ya chai ikawa inaisha mapema. Bwana Mwesiga alizikusanya siku zetu akazipeleka juu, naye akaletewa cheti cha pongezi kwa kuongoza kituo kisicho na utoro. Kimetundikwa ofisini kwake, na kioo chake hufutwa vizuri.

CHANGAMOTO

Fedha hazijaja. Tukiuliza, tunajibiwa kwamba utaratibu unaandaliwa. Mwaka ulipogeuka tukaambiwa kwamba siku za mwaka uliopita zimepitwa na wakati, ila za mwaka huu tuendelee kuzitunza.

Hapa kwetu, mtu mwenye dhiki akiuza kahawa yake ingali maua mtini, biashara hiyo huitwa butura. Serikali imetukataza butura miaka nenda rudi, kwa kuwa inamfukarisha mkulima, na inasema kweli. Lakini mnunuzi wa butura, pamoja na ubaya wake wote, hutanguliza chochote mkononi. Huyu aliyenunua likizo zetu hakutanguliza hata pole.

Mheshimiwa, haya yote tungeyacheka, tumezoea. Yasiyochekesha ni ya mwenzetu Klaudia, afisa ugani, ambaye ndiye huyu anayekusomea. Tulimchagua kwa sababu kila mwingine aliyejaribu kuisoma sehemu hii jana alikwama.

Baba yake amezikwa kwenye kibanja chake kule Izimbya. Hakuwa na mtoto wa kiume, na kabla ya kufa alitamka mbele ya ukoo kwamba kibanja ni cha Klaudia. Baadhi ya wanaukoo hawakulipenda hilo, wakangoja. Mnyauko umeingia na magugu yamefika kwenye kaburi. Mapema wiki hii baba yake mdogo, Ta Karugendo, alimpigia simu.

"Klaudia waitu, mwanangu," alimwambia, "migomba ya watu unaiponya, ya baba yako inaoza. Jumapili baada ya misa ukoo unakaa. Wanataka kumpa mwenye kukitunza. Mimi nitakutetea, lakini nitasema nini wakati hupo na shamba wanaliona?"

Klaudia akaomba likizo. Siyo kuiuza, kwenda. Bwana Mwesiga akamjibu, kwa upole tunakiri, kwamba siku zake zimeshaingia kwenye maombi ya malipo, na akizichukua ataharibu takwimu za kituo.

"Basi nilipwe, niajiri mtu wa kung'oa," akasema Klaudia.

"Malipo bado hayajaidhinishwa," akajibiwa.

Kwa hiyo siku anazo lakini si zake, na fedha ni zake lakini hana. Mheshimiwa, hilo limetuudhi. Limetuudhi kuliko fedha zetu sote zikijumlishwa.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi mengi, likiwemo la malipo ya haraka. Jana jioni tuliyafuta yote. Fedha zikija tutazipokea, hatujafikia utakatifu wa kuzikataa. Lakini leo tunaomba turudishiwe siku zetu zikiwa siku, na tunaanza na za Klaudia. Tunaomba umwidhinishie hapa hapa, mbele yetu, kabla ya picha ya pamoja.

Kuhusu mahitaji ya kazi, tumegawana kazi zake zote. Wakulima wake wa Jumanne atawafundisha Gozbert, ambaye amejifunza kuvunja ua dume juzi na hajaumia. Na kesho alfajiri wanne kati yetu watamfuata Izimbya na majembe, maana Jumamosi bado haijanunuliwa na mtu.

Mwenyezi Mungu akubariki, Mheshimiwa, ailinde safari yako, na akupe huko kwenu mtu wa kukupalilia uwapo kazini.

Ni sisi watumishi wa Kituo cha Migomba Kyarubare, Muleba.

Imesomwa na Klaudia, ambaye anaomba radhi kwamba hatakuwepo kwenye chakula. Mkoba wake uko mlangoni, na likizo yake imeanza sasa hivi, iwe umeidhinisha au hujaidhinisha.