Mama Zipora na Chombo Kizito cha Gatete

Baada ya miaka kumi na saba ya kukagua mionzi bandarini Rumonge, Mama Zipora Nizigama anastaafu tarehe 31 Desemba 2025. Alikuja kwetu akitoka kufundisha fizikia, kazi aliyoianzia ukimbizini Kigoma. Mpaka leo ukikosea hesabu anakutazama juu ya miwani hadi uifute mwenyewe.

Alipoanza alikuwa mwanamke pekee. Wapagazi walimwita Mama Redio kwa sababu ya kipima mionzi alichotembea nacho. Leo wakaguzi watatu kati ya watano ni wanawake, na Chanceline, mwanafunzi wake, ndiye atakayekalia kiti chake.

Siku tusiyoisahau ni ya mwaka 2014. Vyuma chakavu vilifika kutoka ng'ambo ya ziwa. Kipima kilinyamaza, Mama Zipora akatia saini, mzigo ukaondoka. Mchana, mukeke, samaki wa ziwa letu, akiwa amekaangwa mbele yake, akakumbuka chombo kimoja cha chuma: kidogo kama sufuria, lakini kilibebwa na wanaume wawili. Uzito ule ulikuwa wa madini ya risasi, na risasi huzuia mionzi. Kama ndani kulikuwa na kitu, kifaa kisingekisikia. Aliacha sahani, akapanda pikipiki kuufuata mzigo.

Alikikuta kijijini Gatete kwa mvuvi Yonasi, aliyekinunua ayeyushe risasi yake kwa ajili ya vizito vya nyavu. Moto ulishawaka.

"Mama Zipora, hii iko risasi tu, ya nyavu! Uniache nitumike kazi yangu," Yonasi alilalamika.

Mama Zipora aliumwagia moto maji, akawasogeza watu wote mbali, akakiri mbele yao kwamba kosa ni lake. Wataalamu walipokifungua chombo walikuta chembe ya sesiamu yenye mionzi mikali. Ingeyeyuka pale uani, ingeweza kumuua Yonasi na wanawe. Na mimi ndiye niliyeupiga mzigo ule muhuri.

Tangu hapo fomu yetu ina swali aliloliandika yeye: je, kitu hiki ni kizito kuliko kinavyoonekana? Wavuvi nao huleta risasi kituoni kabla ya kuwasha moto.

Mukeke wa sherehe ya kesho amevuliwa na Yonasi, kwa wavu wenye vizito vya mawe.

Murakoze cane, asante sana, Mama Zipora. Upumzike vyema nyumbani Kigwena, afya isikupungukie. Na kesho, tafadhali, sahani hiyo uimalize.

Sylvestre, karani wa kituo