Goti Si la Kuazima

Mshambuliaji mstaafu wa soka alishuka kwenye basi letu akishikwa mkono na mkewe. Kijana mmoja akacheka. "Huyo ndiye tulimwita Radi? Leo ngazi ya basi inamshinda!"

Mzee aliyekaa naye akasonya. "Kila mechi walimdunga sindano ya ganzi gotini, na nyinyi mkashangilia."

"Si alikubali mwenyewe, mzee wangu?"

"Angekataa, ungemwita mwoga."

"Ningemwita, tena kwa sauti!" Akacheka tena, kana kwamba magoti huazimwa kwa jirani.

Kina mama wenzangu, mimi niliyekaa nyuma yao sikucheka. Asubuhi mwanangu alinirukarukia mlangoni akienda kucheza: "Mama, daktari wa timu kanidunga kidogo tu, goti haliumi tena!"

Basi liliposimama kituo kilichofuata, nilishuka nikikimbilia uwanjani.