Tupa ya Marehemu Mama

Kivuko cha Tan Chau kilivuka mto taratibu, ukungu umelala juu ya maji, na Bi Nhan, mfumaji wa hariri, akisugua kucha kwa tupa ya chuma kama mtu aliye ndotoni.

"Shangazi, hiyo itakumalizia kucha," alisema msichana wa saluni aliyeketi kando yake. "Zako laini, zinataka tupa ya kioo. Na usugue upande mmoja tu."

"Hii aliniachia marehemu mama, mwanangu."

"Na hazipasuki?"

Jana tu ukucha wa Bi Nhan uliopasuka ulinasa hariri aliyomfumia bibi harusi, ukaiharibu. Msichana akamnyooshea tupa ya kioo; Bi Nhan akaipokea, akasugua ukucha huo wa gumba, akaupitisha juu ya mtandio wake. Ukateleza kama maji.

"Haya, malizia zilizobaki," alisema msichana.

"Hizo tisa ni za mama," alisema Bi Nhan, akamrudishia tupa yake na kuishika tena ile ya chuma, na kivuko kikagusa gati.