Anayefunga Ndiye Anayevuta Kwanza

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa kiwanda kilichotengeneza vipumulio vyetu. Wazamiaji, mafundi, na majirani mliosimama kwa kukosa viti: amani iwe kwenu nyote.

KARIBU

Mgeni rasmi, tumefurahi kukuona. Jina la kiwanda chako tumelijua kwa vidole muda mrefu, maana limechongwa kwenye shaba ya kila kipumulio tunachouma mdomoni tukiwa chini ya maji. Leo tumeiona na sura. Utusamehe kwa harufu ya siki. Ndiyo tunayolowekea vyuma, nayo haijui kama kuna wageni.

TULIKOTOKA

Kazi yetu ni kuzamia katika bwawa la maji ya mji, kuondoa magugu na takataka kwenye vyuma vinavyochuja maji kabla hayajaingia mabombani. Tukilala kidogo, mabomba ya mji mzima yanakohoa. Vifaa tulivirithi kwa waliotutangulia. Vilipoanza kuchoka, tuliagiza vipuri kwenu. Mwanzo vilikuja vyote, baadaye nusu, mwishowe ikaja salamu ya pole kwamba kiwanda kinayumba. Hatukuwalaumu. Kuyumba humpata yeyote.

Ndipo fundi wetu mkuu, ambaye wote tunamwita Mjomba, alipokata kiwambo, kile kimpira cha ndani kinachoruhusu hewa, kutoka kwenye tyubu ya gari. Akakifunga, akazama nacho mwenyewe pale penye ngazi, maji ya kifuani. Akatoka anapaliwa.

"Vipi, Mjomba?"

"Bwawa limepungua," akasema. "Nusu yake nimeinywa. Na lina ladha ya tairi."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini hapo ndipo ilipozaliwa sheria yetu: anayefunga kipumulio ndiye anayevuta kwanza. Usimfungie mwenzako kitu ambacho wewe huthubutu kukiuma.

TULIYOFANIKIWA

Tangu sheria hiyo, hakuna aliyeumia kwa sababu ya kifaa. Tyubu za gari tuliziacha palepale. Oringi, zile pete za mpira za kuzuia kuvuja, tunapata kwa watu wa pampu, na kilichokufa tunakubali kwamba kimekufa. Kengele uliyoisikia langoni ulipoingia ni mtungi wa hewa uliokataliwa na kipimo. Tuliukata siku ileile, tukaupa kazi nyingine.

Fanikio jingine ni mpwa wa Mjomba, tunayemwita Kimya. Shule ya msingi hakuimaliza. Alikuja karakana kusugua shaba kwa mswaki, na kwa muda mrefu tulidhani hana sauti. Macho ya Mjomba yalipoanza kufifia, akawa anashika yeye bisibisi huku mjomba wake akielekeza. Siku moja alifungua kipumulio, akakisafisha, akakifunga chote bila kuelekezwa. Akakiweka mezani, akataka kuondoka.

"We Kimya, unakwenda wapi?" Mjomba akamuuliza.

"Nimemaliza, Mjomba."

"Umefunga. Kumaliza ni kule," akamwonyesha maji.

"Mimi nasafisha tu, Mjomba. Hata kuogelea sijui!"

Mama Mapovu, mzamiaji wetu mkongwe, akadakia: "Kuogelea nitakufundisha. Aibu ndiyo siwezi kukutoa, hiyo utazama nayo."

Akamfundisha kweli, taratibu, mpaka Kimya akazama na kipumulio chake. Kule chini akakuta mambo mawili. Hewa inakuja laini kama ya usingizini, na hakuna mtu anayemwambia "paza sauti, mwanangu." Akatulia huko mpaka Mama Mapovu akamfuata na kumvuta pezi la mguuni.

"Toka, mtoto! Hiyo ni hewa ya wenzako!"

Leo vipumulio karibu vyote vya kikundi hufungwa na mkono wake. Mgeni rasmi, Kimya ndiye anayekusomea hapa. Amekubali kusoma kwa sharti moja tu, kwamba tusimwandikie "mimi" popote.

YANAYOTUSUMBUA

Viwambo vya mpira vinakaribia kuisha, kwa kuwa tunavitoa kwenye vifaa vilivyokwisha kufa. Jambo la pili limeegeshwa langoni. Lori lako limetuletea vifaa vipya, nasi tunashukuru kwa mikono miwili. Lakini tumeambiwa litarudi na vile vya zamani vikavunjwe, kwa sababu kiwanda hakiwezi tena kuvisimamia.

MAOMBI YETU

Tunakuelewa. Hakuna anayetaka jina lake lipatikane kwenye kifo cha mtu. Ila vipya havifunguki bila zana zenu maalumu, na siku kiwanda kikiyumba tena, vitatufia mikononi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Tuachie vya zamani. Mlete fundi wenu avikague kila mwaka, na atakachokikataa tutakivunja sisi kwa nyundo mbele yake. Tena tunaomba kalibu ya kutengenezea viwambo, ambayo tumesikia imelala stoo kwenu bila kazi, ili tumwage mpira ufaao kwa kipimo chenu.

MWISHO

Mgeni rasmi, hatutaki utuamini kwa maneno. Karatasi hii ikiisha, Kimya atavua viatu, aingie majini na kipumulio cha zamani alichokifunga leo asubuhi. Wewe simama hapo kwenye ngazi utazame mapovu. Yakipanda hovyo, tutapakia lori sisi wenyewe. Yakipanda kwa utulivu, tunaomba umwambie dereva arudi na gari tupu.

Mungu akupe pumzi ndefu, na kiwanda chako kisimame tena wima.

Ni sisi, unaotuacha tukipumua,
Kikundi cha Wazamiaji na Mafundi wa Karakana ya Bwawani.